Kigari Hakirudi Kitupu

Nchi yetu ipo. Wageni huitafuta kwenye ramani wasiione, wakadhani tunawadanganya, kumbe ramani nyingi hukunjwa pale pale tulipo sisi, na mkunjo ukishazeeka wino hufutika. Sisi wenyewe hatulalamiki. Kulalamika kwetu kunahitaji fomu, na fomu hutolewa kwa mwenye cheti cha kuridhika.

Mimi ni karani. Nimekuwa karani miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kugonga muhuri kichwa chini miguu juu. Nasema hivi ili msomaji ajue anaongozwa na mtu wa taratibu, si mtu wa maneno maneno. Nitakayoyasimulia niliyaona kupitia Dirisha Namba Mbili, ambalo kioo chake nilikuwa nikikifuta mwenyewe kila asubuhi.

Mambo yalianza vizuri, kama mambo yote ya kwetu yanavyoanza. Katika mwaka wa ishirini wa uongozi wake, Mlezi Mkuu alichungulia nje ya gari lake akamwona mwanamke amebeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Inasemekana alisikitika sana. "Yaani mtoto wa nchi huru," alisema, "anaanza maisha kwa kutazama kisogo?" Wasaidizi wake walilia papo hapo, na mmoja aliyechelewa kulia akahamishiwa mpakani.

Miezi mitatu baadaye yakaja malori yamesheheni vigari vya watoto, elfu arobaini, vya rangi ya bluu, vyenye magurudumu manne na paa la kitambaa. Kila aliyezaliwa alipewa kimoja. Ndani ya paa, mahali ambapo mtoto akifumbua macho hana budi kupaona, palichapwa picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu kwa meno yote. Watoto wengi waliiangalia picha ile wakaangua kilio. Wizara ikatoa ufafanuzi kwamba kilio cha mtoto aliyemo kigarini kihesabiwe kuwa shangwe.

Mbeleko zikapigwa marufuku. Zilikusanywa nyumba kwa nyumba, zikaunganishwa kwa cherehani, zikawa pazia la jukwaa kuu la uwanja wa sherehe. Mama yangu mzazi, aliyetubeba watoto saba kwa mbeleko moja, aliitoa ya kwake akaikunja vizuri kabla ya kuwapa. Alisema tu, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nilimwomba asirudie, maana jirani yetu ana masikio mazuri.

*

Kigari kilikuwa kizuri, nisiwe mwizi wa fadhila. Katikati yake palikuwa na bawaba, ili mwenye nyumba ndogo aweze kukikunja na kukiegemeza ukutani. Bawaba ilizuiwa na komeo la urefu wa kidole gumba. Komeo likikaa, kigari kinakaa. Lakini kigari kikiwa kinateremka, gurudumu likagonga jiwe, komeo huchomoka, na kigari hujikunja chenyewe kwa nguvu mpaka kiwe bapa, pamoja na kilichomo.

Mji wetu umejengwa mlimani.

Wizara haikupenda neno kujikunja. Ilichagua neno lenye upendo zaidi. "Leo saa nne asubuhi," redio ilitangaza, "katika Mteremko wa Maendeleo, kigari kimemkumbatia mtoto wa miezi mitano. Familia imepokea kumbatio hilo kwa utulivu." Mara ya kwanza nilidhani ni habari njema, nikaipigia redio makofi. Ilipofika mara ya nne niliacha kupiga makofi, ila sikuizima redio, kwa sababu redio zetu hazina kitufe cha kuzimia.

Tume ikaundwa. Wataalamu saba walivisukuma vigari juu ya zulia la Wizara, kutoka meza ya katibu mpaka meza ya chai, wiki tatu mfululizo. Ndani yake waliweka majalada, na hakuna jalada lililokumbatiwa. Tume ikahitimisha kwamba tatizo ni mlima. Mlima ukaandikiwa barua ya onyo, na afisa akaenda kuisomea chini ya mlima kwa kipaza sauti, akausubiri siku kumi na nne ujitetee. Haukujitetea. Hilo nalo likaandikwa.

*

Kisha ikaja Siku ya Mavuno. Katika shamba la Mlezi Mkuu lilikuwa limeota boga kubwa, la ukubwa wa mtoto wa miaka miwili, na ikaamuliwa lipitishwe mbele ya mabalozi ndani ya kigari, ili zawadi mbili za taifa zionekane kwa pamoja. Aliyekisukuma ni Waziri wa Vichanga na Shukrani mwenyewe, Mheshimiwa Shomari Kigwe, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alipofika katikati ya uwanja, gurudumu likakwama kwenye waya wa kipaza sauti.

Mbegu za boga zilifika mpaka kwenye miwani ya balozi mmoja. Bendi iliendelea kupiga, maana haikuwa imeambiwa iache. Waziri alisimama ameshika mshikio, maji ya boga yakimchuruzika kwenye mikono ya suti, akiangalia kigari kilichokuwa bapa kama chapati. Nyuma ya jukwaa lile pazia la mbeleko likawa linapepea.

Watoto kumi na watatu walikuwa wamekwisha kukumbatiwa. Hawakutosha. Boga moja lilitosha. Kesho yake asubuhi ikatoka amri kwamba vigari vyote virudishwe.

*

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Kigwe siku ya kuitangaza amri, "nasikia yapo maneno mitaani kwamba vigari vinarudishwa kwa sababu ni vibovu. Nawauliza. Jirani akikuletea pilau kwenye bakuli, ukamrudishia bakuli lake, ni kwa sababu bakuli ni bovu?"

"Siyo!" tuliitikia.

"Ni kwa sababu umeshiba! Basi taifa limeshiba vigari!" Akapigiwa makofi, akayaacha yapoe. "Na ninyi ni watu wenye adabu. Mama zenu waliwalea. Chombo cha jirani kinarudi kitupu?"

"Hakirudi!" tuliitikia wote, kabla hatujajua tumeitikia nini.

Ni kweli, desturi yetu ndiyo hiyo, na katika desturi zetu zote ndiyo niipendayo kuliko nyingine. Jirani akikuletea mboga kwenye sahani, huwezi kumrudishia sahani ikiwa kavu. Unaweka mayai mawili, au ndimu, na kama hali ni mbaya unatia chumvi kidogo ya kuficha haya. Hakuna anayepima. Mheshimiwa alichofanya ni kuiletea desturi hiyo mizani.

Kanuni ilisema kwamba kigari kirudi kikiwa na kitu chenye uzito sawa na wa mtoto kama ulivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, ili kigari kisihisi tofauti. Ilisema pia kwamba kigari ambacho hakijapokelewa na karani ni kizima, na lazima kiendelee kutumika. Atakayekutwa amembeba mtoto mikononi ilhali anacho kigari, huyo anamdhihaki Mlezi.

Mimi niliteuliwa kuwa karani wa kupokea, kwenye ghala la Wizara, Dirisha Namba Mbili. Nilipewa fomu, muhuri mpya, mizani ya kuning'iniza ile ya kliniki, na askari wa mlangoni aitwaye Sajini Mlekwa. Nilifurahi. Nilinunua tai.

*

Siku za mwanzo zilikuwa za kupendeza. Walikuja wenye uwezo, na vigari vyao vilijaa mchele, sukari, maboga (haya tuliyapokea kwa heshima ya pekee), na kuku waliofungwa miguu. Nilipima, nikaandika, nikagonga muhuri. Ghala likanuka kama soko. Maafisa wa Wizara wakawa wanapita jioni na mifuko yao kutusaidia kupunguza harufu.

Nyuma ya ghala niliwakuta mafundi wawili wakivipaka vigari rangi ya kijani. Nilipouliza, nikaambiwa ni maandalizi ya zawadi ya mwaka wa ishirini na moja. "Na makomeo?" niliuliza. Fundi mmoja alinitazama kwa huruma. "Makomeo nayo tunayapaka," alisema.

Baada ya wiki mbili wenye uwezo waliisha, wakabaki wengine. Hawa walikuja na nusu, na robo, na maneno. Niliwarudisha mmoja mmoja kwa upole, na kila jioni redio ilitaja kumbatio, mara moja, wakati mwingine mbili. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba mji una watu wengi.

Siku ya Jumatano, mbele ya dirisha langu akasimama binti mmoja mwembamba, kichwani ana beseni, mbele yake kigari. Nilimfahamu kwa sura. Anaitwa Sikudhani, anakaa nyumba za chini ya Mteremko wa Maendeleo, na mumewe alikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya ule mkunjo wa ramani, hajaandika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kadi."

Kadi ilisema: Haruni, miezi saba, kilo saba na robo. Alimtoa mtoto kigarini akamkalisha juu ya meza yangu ili aweze kupanga vitu. Haruni alikishika kishikio cha muhuri wangu kwa mikono miwili, akakitia mdomoni, akanicheka. Alikuwa na meno mawili ya chini. Nilimnyang'anya taratibu, akanishika kidole badala yake, nami nikapima kwa mkono uliobaki.

Unga, mayai sita, mkungu mdogo wa ndizi. Kilo sita kamili.

"Imepungua kilo moja na robo," nilisema.

"Ndiyo niliyonayo, baba. Unga wenyewe nimeazima kwa mama mkwe."

"Nakuelewa, mwanangu. Mizani ndiyo haielewi."

"Basi kipokee hivyo hivyo." Aliinama karibu na dirisha. "Mimi sidai kitu. Nataka tu kisirudi nyumbani. Lile komeo limelegea. Jana limechomoka kiko kitupu, kimesimama mlangoni, hakuna hata aliyekigusa. Angalia, nimelifunga kwa uzi."

Niliangalia. Ulikuwa uzi mwekundu wa kushonea, umezungushwa mara nyingi kwa uangalifu, na kufungwa fundo la mtu aliyefunga huku akiomba.

Kwenye droo yangu vilikuwemo viazi vitamu viwili vya kuchemsha, chakula changu cha mchana. Mke wangu hapendi viazi vidogo. Vilikuwa na kilo na robo, pengine na zaidi. Nakiri kwamba wazo hilo lilinijia. Likasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Lakini fomu ina nafasi moja ya jina la mtoaji, na viazi vingekuwa vyangu na kigari chake, na katika miaka thelathini na mmoja sijawahi kuandika majina mawili kwenye nafasi moja. Sikumkaribisha.

"Rudi kesho na kilo moja na robo," nilimwambia. "Hata mawe nitayapokea, mradi yawe masafi."

"Kesho," alisema.

Alirudisha vitu kwenye beseni, akajitwika, akamkumbatia mtoto kifuani kwa mkono mmoja na kukisukuma kigari kwa mkono wa pili. Sajini Mlekwa alikohoa mlangoni. Alikohoa akinitazama mimi.

"Mwanangu," nilisema, "mtoto kwenye kigari, tafadhali. Nitakuja kuulizwa mimi."

Alisimama. Kisha akainama, akamlaza Haruni ndani polepole, akaukagua uzi kwa vidole. Haruni aliiona ile picha ndani ya paa, akaanza kushangilia. Nilimsikia akishangilia mpaka walipokata kona ya Mteremko.

Saa sita nilikula viazi vyangu. Nilikuwa nakula cha pili niliposikia sauti za watu kutoka upande wa Mteremko, nyingi, za wanawake. "Nini hicho?" nilimuuliza Sajini Mlekwa.

"Wananchi wanashangilia," alisema, wala hakunitazama.

Nikaandika kwenye daftari la siku: saa sita na nusu, shangwe. Jioni redio ilisema mtoto wa miezi saba. Nilijiambia watoto wa miezi saba ni wengi katika nchi hii, nikawahesabu ninaowafahamu, nikafika wawili. Niliogopa. Nilikuwa sijaogopa tangu nianze kazi.

*

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Jumamosi asubuhi foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani, wanawake na vigari vyao, na vurugu zake za kawaida, fulani kampita fulani. Ghafla kelele zikakatika. Nilipoinua macho, foleni ilikuwa imejigawa katikati, na Sikudhani alikuwa anapita, anakiburura kigari chake, maana magurudumu hayakuzunguka tena. Kilikuwa kimenyooshwa kwa mikono ya mtu asiye fundi. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa unga uliofungwa mdomo.

Hakuniamkia. Kwetu hata anayekudai hukuamkia kwanza.

"Kadi," nilisema. Ni mdomo ulisema, mimi sikuutuma.

Aliiweka kadi juu ya meza, pale alipokuwa amekaa mwanawe. Kilo saba na robo. Chini yake nesi alikuwa amepiga mstari kwa rula.

Sikuuliza jambo lingine lolote kwa sababu sikujua jambo lingine la kuuliza. Nilichukua fomu. Nafasi ya kwanza inauliza, kimerudi na nini?

"Udongo," alisema.

Nafasi ya pili iliongezwa baadaye, ili kuzuia watu wasilete mazao ya wizi. Inauliza kitu kimetoka wapi. Ningeweza kuiacha. Nilimwuliza.

"Makaburini," alisema. "Nimechukua wa juu tu. Wa chini nimemwachia mwenyewe."

Nikafungua mfuko, kwa kuwa kanuni inataka karani aone kwa macho. Ulikuwa udongo mwekundu, bado una unyevu, na unga wa mama mkwe umejishika pembeni. Nikaufunga, nikautundika kwenye mizani. Mshale ulitetemeka kwa muda mrefu. Ulisimama kwenye saba na nusu.

"Imezidi," nilisema. Sauti haikuwa yangu. "Imezidi robo. Naweza... naweza kukurudishia."

Sikudhani alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

"Hiyo robo ni yako, baba," alisema.

Akageuka akaondoka. Mikono yake ilikuwa mitupu, na alitembea ameikunja kidogo mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba kitu. Kanuni inakataza kubeba mikononi. Sajini Mlekwa alimpisha, akavua kofia, akakumbuka, akaivaa.

Niligonga muhuri. Nilipoutazama niliona nimeugonga kichwa chini. Fundi wa rangi akaja kukichukua kigari. Alikinyoosha vizuri zaidi kwa goti, akaukata ule uzi mwekundu kwa meno, akautema, akakipeleka nyuma kwenye rangi ya kijani. Kitapewa mtu mwezi wa tatu. Mheshimiwa Kigwe ameahidi kuja mwenyewe.

Ile robo sikujua niifanyeje. Kanuni inasema kinachozidi kirudishwe kwa mwenyewe, na mwenyewe alikwisha kutajwa. Nikaipima, nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka kwenye droo. Mke wangu ananiuliza kwa nini siku hizi sibebi chakula cha mchana. Namwambia droo imejaa.